Ubao wa Tano

Jioni moja, kabla hajafunga genge, mama mmoja wa Yombo, Dar es Salaam, alichukua nyanya tatu na kitunguu kimoja mezani pake akavitia kwenye sufuria aliyoletewa na mjukuu. Kisha akapeleka mkono kibindoni, akatoa mia saba, akazitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga lililofichwa chini ya meza. Nyanya zake, meza yake, kopo lake, hela zake. Nikamwuliza anamlipa nani.

"Namlipa mwenye genge," akasema, akaendelea kuokota maganda ya vitunguu.

Nimesomea uhasibu. Nimekaa ofisini miaka ya kutosha nikijaza vitabu vya watu wengine, na kwa muda nilifundisha wafanyabiashara wadogo madarasa ya jioni, yale ya kutunza kumbukumbu. Somo la kwanza lilikuwa kwamba biashara na mwenye biashara ni watu wawili, kila mmoja ana mfuko wake. Nililifundisha kwa wiki mbili, kwa michoro na mifano, wanafunzi wakatikisa vichwa kuafiki, halafu wakatoka nje wakanunua soda kwa hela ya mauzo. Huyu mama hakuwahi kufika darasani kwangu. Tangu jioni ile nikawa nakwenda kukaa pembeni mwa genge lake, mara mbili mara tatu kwa wiki, nikimtazama. Hakujali. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu, ananisogezea kigoda na kunipa vitunguu saumu nimenye.

Kazi yake huanzia soko la Stereo, Temeke, saa kumi na moja alfajiri. Mchuuzi wa kiasi chake hanunui tenga zima la nyanya, ananunua ndoo ya lita 20. Na ndoo ya sokoni huwa imepambwa: juu zimepangwa kubwa, nyekundu, zisizo na kovu, chini anajua aliyezipanga. Wageni huminya zile za juu. Yeye huzitazama kwa adabu tu, kama mtu anayemsalimu mwenye nyumba, kisha macho yanashuka kwenye kitako cha ndoo na udongo uliopo chini yake. Pakiwa pameloa, nyanya za chini zimeshapondeka na maji yanavuja. Anapita. Nilimfuata siku tano na sikumwona hata mara moja akimwambia muuzaji kwamba ndoo yake ni mbaya. Alisema tu, "Nazunguka kidogo, baba, nitarudi," na hakurudi.

Siku ninayotaka kuisimulia alilipa 16,000 kwa ndoo, na 1,500 nyingine kwa kuchangia bajaji na wenzake wawili. Kufika gengeni akazimwaga juu ya gunia, akazifuta moja moja kwa kitambaa, na katika kuzifuta akazigawa. Nilizihesabu mimi, yeye hakuwa na haja: zilikuwa 150. Kumi zimepasuka, za kuku wa jirani. Ishirini zimelegea, hizo ni masalo, zinakwenda nne kwa mia mbili kwa anayepika leo leo. Zikabaki 120 nzuri.

Sasa mtu asiyejua hudhani kilichobaki ni kupanga na kuuza. Fungu la nyanya Yombo ni mia tano, jero, na bei hiyo haiguswi. Kinachobadilika ni idadi ya nyanya ndani ya fungu. Akipanga nne nne, 120 zinampa mafungu 30, yaani 15,000. Akiongeza 1,000 ya masalo anapata 16,000, na yeye ametumia 17,500. Amefanya kazi tangu alfajiri hadi usiku ili apoteze 1,500. Akipanga tatu tatu, anapata mafungu 40, yaani 20,000, na masalo 1,000, jumla 21,000. Amebakiwa na 3,500. Nyanya moja tu ndiyo inayotenganisha faida na hasara, na mama anaiamua akiwa amechuchumaa juu ya gunia, bila kalamu, huku anazungumza na mjukuu kuhusu viatu vya shule.

Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na kipimo hicho kilikuwa kitu cha heshima: kipimo hakibadiliki, bei ndiyo inayopanda na kushuka. Genge limelipindua jambo hilo. Bei imekaa palepale kwa sababu ndiyo sarafu aliyonayo mteja mkononi, ile ya mia tano iliyoingia katika mzunguko mwaka 2014, na kipimo ndicho kinachopumua. Kiangazi fungu lina nyanya tano. Masika, barabara za mashambani zikikatika, lina mbili na nusu. Ndiyo, nusu. Nimeona nyanya iliyokatwa kwa kisu na kufunikwa kwa karatasi ya plastiki ili ikamilishe fungu. Mteja analalamika kuhusu ukubwa wa fungu lakini hasemi bei imepanda, na hata akilalamika mkono umeshaingia mfukoni.

Kuna pia jambo la nyongeza. Hakuna mteja wa Uswahilini anayenunua bila kusema "niongeze". Mchuuzi mgeni huongeza nyanya, na kwa hesabu tuliyoiona sasa hivi amekwisha. Mama anaongeza pilipili. Moja, mbili, wakati mwingine kajani ka giligilani. Pilipili hununua kisado kizima kwa bei ndogo na hukauka tu zisipouzwa, kwa hiyo ukarimu wake wote ameuhamishia kwenye bidhaa inayomgharimu kidogo kuliko zote. Nilipomwambia nimeligundua hilo alicheka hadi akashika kifua. "Wewe usiwaambie."

Lakini kilichonifanya niandike haya ni meza. Ni meza ya kawaida, imegongwa na fundi wa mtaani, ina mbao tano zilizolazwa kwa urefu na nafasi kidogo kati ya ubao na ubao. Mbao hizo ni za nyanya peke yake; vitunguu, karoti na bamia viko kwenye vichanja vya pembeni. Siku ile aliweka mafungu manane kila ubao. Akaanza kuuza kutoka ubao wa mbele, na akawa hachanganyi: ubao wa kwanza ukiisha ndipo anaingia wa pili, hata mteja akinyooshea kidole fungu la nyuma. "Hilo la nyuma sijalifungua," anamwambia, kama vile ni gunia lililoshonwa.

Nilichukua muda kuielewa. Mafungu manane kwa mia tano ni 4,000. Mbao nne ni 16,000: bei ya ndoo. Alikuwa ameichora hesabu yake yote juu ya meza kwa nyanya zenyewe. Mbao nne za mbele ni za sokoni, zinarudi Stereo kesho alfajiri kununua ndoo nyingine. Ubao wa tano ndio wake, nao kwanza unatoa hela ya bajaji. Kwa hiyo wakati wowote wa mchana anajua amefika wapi bila kugusa hela. Anatazama mbao zilizo wazi. Saa saba ikifika na ubao wa tatu bado umejaa, anajua siku ni mbaya, na anaanza kuchukua hatua akiwa bado na jua: anamwita mama lishe wa kona na kumpa mafungu kumi kwa bei ya jumla, au anayapanga upya yale ya nyuma kwa nyanya nne nne ili yaondoke kabla hayajalegea. Vitabuni kuna mchoro wa mistari miwili inayokatana, na pale inapokatana ndipo mtaji umerudi. Nimeuchora ubaoni mara nyingi nikiwa na chaki ya rangi, na nasema kweli, hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuutumia kabla ya saa saba mchana.

Ndoo ikipanda bei, kiasi cha mafungu kwa ubao kinabadilika, au idadi ya nyanya kwenye fungu, lakini kanuni ya mbao nne hubaki. Nilimwuliza nani alimfundisha. Akasema hakufundishwa, ila meza yake ya kwanza ilikuwa mbovu, ubao mmoja ulikuwa umelegea, akawa anaogopa kuweka kitu juu yake hadi jioni.

Baada ya meza kuna hela yenyewe. Kwake hela haichanganyiki, na ukimwuliza ana shilingi ngapi hawezi kukujibu, kwa sababu haoni jumla. Anaona hela ya ndoo, hela ya kijumbe wa upatu, hela ya chumba, hela ya kula. Hela ya ndoo hukaa kwenye kopo. Hela ya kula na ya kijumbe hukaa kibindoni, lakini ya kijumbe imefungwa kwenye pindo la kanga. Hela ya chumba imo kwenye simu. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 watu waliisifu kwa kutuma hela mbali. Yeye hamtumii mtu. Anaipenda kwa sababu kuitoa kuna makato, na makato hayo ndiyo mlango wake. Hela ya kopo inatoka bure, ya simu inatoka kwa uchungu, basi ile isiyotakiwa kutoka inakaa penye uchungu. Tozo ya miamala ilipokuja Julai 2021 uchungu ukazidi kiasi, akahamishia hela ya chumba kwenye kibubu cha mbao kisichofunguka ila kwa kuvunjwa, na tozo ilipopunguzwa akarudi kwenye simu. Nimewahi kusoma ripoti nzima kuhusu tabia za watumiaji wa huduma za fedha isiyokuwa na ufahamu wa nusu ya hapo.

Neno rasilimali tumelipata kutoka Kiarabu, na kwa asili yake linasema kichwa cha mali. Mitaani tunasema mtaji, na kosa kubwa kuliko yote tunaliita kula mtaji. Angalia kitenzi kilichochaguliwa. Mtaji wa genge unalika kwelikweli. Ni nyanya, ni kitunguu, uko sentimita thelathini kutoka kwenye sufuria ya nyumbani, na watoto wana njaa. Mwenye duka la spea hawezi kula breki. Ndiyo maana zile mia saba za jioni ile zilinishangaza kuliko mizania yoyote niliyowahi kuifunga. Anajiuzia. Wala hajipunguzii bei. Nilimwuliza kwa nini asichukue masalo kwa ajili ya nyumbani, akaniangalia kama mtoto: masalo yana mteja wake, na yeye jioni ile alitaka nyanya nzuri.

Wapo ambao wangeona huo ni ubahili au mchezo wa kuigiza. Lakini mwaka 2014 watafiti watatu, Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Jamhuri ya Dominika kwa wafanyabiashara wadogo waliokuwa wateja wa taasisi ya mikopo. Kundi moja lilifundishwa uhasibu wa kawaida. Kundi jingine lilipewa kanuni chache za mkononi, iliyo kuu ikiwa kutenga hela ya biashara na hela ya nyumbani, hata kwa kuziweka kwenye droo mbili. Wale wa uhasibu hawakubadilika kwa kiasi cha kupimika. Wale wa droo mbili waliboresha utunzaji wa hesabu zao, na hata mauzo ya wiki zao mbaya yakapanda. Nilipoisoma kazi hiyo nilikuwa bado nafundisha. Niliifunika nikaenda kutembea.

Na hapa Dar es Salaam watafiti kutoka Norway walifanya jaribio kwa wateja wa taasisi ya mikopo ya PRIDE Tanzania, wengine wakapewa mafunzo ya biashara, wengine ruzuku ya fedha, wengine vyote viwili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wanaume walinufaika na mafunzo waziwazi, na kwa wanawake matunda yakawa haba. Mtu mvivu wa kufikiri atasema wanawake hawakulielewa somo. Nimekaa gengeni vya kutosha kulisoma tokeo hilo kwa namna nyingine. Mwanamke wa mtaji mdogo huenda anakosa saa, au anakosa amri juu ya hela yake mwenyewe. Mume anajua kopo liko wapi, shemeji anaumwa, mtoto karudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya mchango. Somo la droo mbili halimwambii afanye nini mtu mwingine akiwa na ufunguo wa droo zote.

Ndipo anapoingia kijumbe. Upatu wao una wanawake kumi na wawili, kila mmoja 10,000 kila Jumamosi, na kila Jumamosi mmoja anapokea 120,000. Mama anatenga 1,500 kila jioni, kwa siku saba ni 10,500: elfu kumi ya mchezo na mia tano ya kumnunulia kijumbe soda, kwani kijumbe ndiye anayezunguka juani na daftari na ndiye anayetukanwa mtu akichelewa. Kutoka nje unaonekana ni mchezo wa kupeana zamu tu. Ndani yake kuna vitu viwili vilivyovaa nguo moja. Anayepokea namba ya kwanza amekopeshwa bila riba na atalipa kwa wiki kumi na moja; anayepokea namba ya mwisho ameweka akiba. Wote wanatoa kiasi kilekile. Kwa hiyo kugombea namba ni kugombea jibu la swali: msimu huu nahitaji mkopo au nahitaji akiba? Mwezi wa tisa na wa kumi mama hutaka namba ya nyuma, ili hela imfikie karibu na Januari, mwezi wa shule. Kabla ya masika hutaka namba ya mbele, anunue vitunguu vya gunia bei ikiwa bado chini. Na hela iliyo kwa kijumbe ina faida moja ambayo kopo halina: shemeji hawezi kuiomba, kwani haipo. "Ipo kwa watu," anamjibu, na jibu hilo halina mjadala.

Wenzake wengine wamo kwenye vikoba. Mfumo huo umetoka mbali. Ulianza na wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, na sanduku lake la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, limekuwa samani ya mitaa yetu. Yeye hakujiunga. Sababu aliyonipa ni kwamba mikutano yao ni Jumamosi mchana, saa ambayo ubao wa tatu huwa unakatika.

Kuna mkopo mmoja tu niliomwona akiupigia hesabu mbele yangu, na aliupigia kwa kijana mwenye pikipiki aliyekuja gengeni na fomu. Ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Laki moja leo, laki na thelathini ndani ya mwezi. Mama alimpa kigoda, akamwuliza anatoka wapi, akamwuliza habari za nyumbani. Kisha akamwambia: "Laki na thelathini kwa siku thelathini, mwanangu, ni elfu nne mia tatu na kitu kila siku. Ubao wangu wa tano pamoja na masalo, nikitoa bajaji, unanipa elfu tatu na mia tano. Na hiyo laki yako haitaiongezea meza ubao." Kijana akaanza kueleza kuhusu kupanua biashara. "Nani atakula nyanya zote hizo? Nyumba za mtaa huu nazijua." Alimpa ndizi akaenda zake. Nilifanya mgawanyo ule kwa simu yangu baadaye: 4,333.

Daftari analo. Ni kaunta buku yenye jalada gumu lililochanika mgongo, na ni la madeni peke yake, wala hana jingine. Watu hawana majina humo. Kuna "chumba cha mbele", "fundi baiskeli", "mama mapacha", "yule wa kofia". Anakopesha zaidi kuliko nilivyotarajia, na kwa muda nililihesabu hilo kuwa udhaifu wake, hadi nilipoanza kutazama anakopesha nini na saa ngapi. Asubuhi hakopeshi. Kitunguu hakopeshi, wala mafuta ya kupima, wala kiazi. Kuanzia saa kumi jioni anakopesha nyanya, mchicha, bamia, matembele, vitu ambavyo kesho vitakuwa na thamani pungufu au vitakuwa havina kabisa. Kinachooza kinakopwa, kinachokaa kinanunuliwa. Deni la mchicha wa saa kumi na mbili jioni, hata likilipwa nusu, limemwacha akiwa mbele. Na aliyekopeshwa, kwa haya au kwa shukrani, kesho asubuhi atapita gengeni pake badala ya lile la kona.

Nisimfanye malaika. Mwezi mzima ulivyokwenda hana habari nao. Hajui mwaka jana alipata nini, na nilipomwuliza alidhani namtania. Meza ikivunjika hakuna hela iliyotengwa kwa ajili ya meza. Na ustadi wote huu haukumkinga pale mumewe alipougua miaka michache nyuma: kopo likaenda hospitali, kibindo kikaenda hospitali, simu ikafuata, na mwisho hata kilichotoka kwa kijumbe kikaishia matangani. Alipotoka eda alikuwa na 7,000.

Alichofanya na 7,000 ndicho ninachokirudia mara nyingi kichwani. Hakununua nyanya. Alikwenda kwenye bustani za bondeni alfajiri akanunua mafungu ya mchicha, akayatembeza mlango kwa mlango kwenye beseni, na saa nne asubuhi mchicha ukawa umekwisha, hela imerudi ikiwa imezaa. Akarudi bondeni akachukua matembele ya jioni. Hela ileile ilifanya kazi mara mbili kwa siku moja. "Mchicha haukudai mtaji," alinieleza, "unakudai miguu." Baada ya wiki kadhaa akarudi kwenye nyanya, ambazo zinahitaji siku moja hadi mbili kurudisha hela. Ilipita karibu mwaka ndipo akagusa vitunguu vya gunia, vinavyoweza kukaa wiki nyingi vikisubiri bei. Kila bidhaa gengeni pake ina mwendo wake wa kurudisha hela, na yeye alipanda kutoka kwenye iliyo na haraka hadi kwenye iliyo na subira, kadiri mfuko ulivyoweza kusubiri. Leo vichanja vile vya pembeni, ukivijua kuvisoma, ni historia ya miaka hiyo.

Nilitaka kumlipa fadhila. Niliona kasoro ya daftari nikaona hapo ndipo ninapoweza kuwa na maana. Nilimpigia hesabu: akiuza nyanya za 21,000 kwa siku 300 za mwaka, ni 6,300,000. Kwa viwango vya kodi vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo aliye kati ya milioni 4 na milioni 7 anatozwa 100,000 kama hana kumbukumbu, na mwenye kumbukumbu anatozwa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Kwake, kwa nyanya peke yake, ni 69,000. Tofauti ni 31,000, faida ya siku karibu tisa za nyanya, kwa kuandika tu. Alinisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kunisikiliza. Akazirudia namba. Akasema hilo ni jambo. Nikaenda kupiga chapa daftari zuri lenye safu: tarehe, manunuzi, usafiri, mauzo, masalo, salio.

Alilijaza siku nne, kwa mwandiko wa mjukuu. Nilipopita siku ya tisa nikakuta kurasa za nyuma zinafungia dagaa. Sikusema kitu, lakini nadhani uso wangu ulisema, maana aliniita nikae. Akanieleza kwamba mjukuu ana mitihani, na kwamba yeye mwenyewe jioni macho hayaoni. Kurasa zilizojazwa hakuzichana, alinionyesha. Akaniuliza kama haiwezekani kuandika ubao tu: leo mbao ngapi zimekatika. Mbao tano, mbao nne, mbao tatu. Tuliandika hivyo, mstari mmoja kwa siku, kwenye kurasa za mwisho za kaunta buku ya madeni, na sasa kumbukumbu hizo zina miezi minne bila siku kukosekana. Kuzigeuza mbao kuwa shilingi ni kazi yangu ya kila mwisho wa mwezi, na nafanya nikiwa nimekaa kwenye kigoda, naye haangalii.

Ni katika kuutafuta ukurasa huo wiki iliyopita nilipoona, kati ya "fundi baiskeli" na "mama mapacha", mstari uliosema "mwalimu wa hesabu 1,500". Nyanya za Jumanne, za Ijumaa, na za Jumanne nyingine. Nilizichukua jioni, nikasema nitaleta.

"Ulikuwa husemi, mama," nikamwambia.

"Zilikuwa zinaanza kulegea," akasema.

Nikatoa buku mbili. Akazitia koponi, akachagua jero kutoka humohumo akanirudishia, akalamba ncha ya kalamu na kupiga mstari.